Ncha ya Ulimi

Kazi yangu ni kuonja, si kunywa.
Shimanzi, ghorofa ya pili, mabakuli meupe
yamepangwa kama meno kwenye meza ndefu
nami napita na kijiko,
nafyonza kwa kelele ambayo mamangu angenizaba kofi,
nazungusha, natema ndooni.
Karani yuaja nyuma na daftari.
Nikisema "kali", anaandika.
Nikisema "chapwa", shamba zima la mtu huko Nandi
linashuka bei.
Dalali mmoja aliapa nitaonja joto ya jiwe.
Jiwe sijaonja bado. Mengine karibu yote.

Sikusomea. Nilifunzwa Kibokoni
na halati yangu Twaiba, mpishi wa maharusi,
mwezi wa Ramadhani, nina miaka tisa,
mchuzi wachemka, magharibi bado saa nzima.
Alidondosha tone kiganjani, akaligusa
kwa ncha ya ulimi, akatema kando ya jiko.
"Funga haivunjiki kwa ncha, Swabir.
Huvunjika kooni."

Basi kutema nakujua.
Jioni narudi nyumbani na kiu.

Mwaka jana homa ilimshika siku kumi na moja.
Ilipomwachia iliondoka na ladha yake.
Ukwaju ukawa maji. Achari ya ndimu ikawa kitambaa.
Aliitisha pilipili mbichi, akaitafuna na kikonyo chake,
mato yakamtiririka:
"Naijua kuwa yachoma. Lakini haisemi kitu."
Yeye, aliyekula chumvi nyingi kuliko mtaa mzima,
chumvi sasa haimtambui.

Hapo ndipo watu wakaanza kuulizana chini chini
nani atapika harusi ya binti Mselem.

Nilimwendea Ijumaa. Alikuwa jikoni
ameinamisha sikio kwenye mafuta.
"Kitunguu hiki bado chalalamika. Kikinyamaza, kimeiva."
Kisha akanipa mwiko. "Haya. Ulimi wangu ni wewe."

Nikaonja. Nikatafuta ndoo kwa mazoea.
"Umekolea," nikasema.
"Umekolea vipi?
Kama munyu, au kama wimbo usiku wa manane,
au kama mapenzi ya mtu asiyekufaa?"
Sikuwa na jibu.
"Na huo ukakasi unaousema kazini kwenu,
ni wa ndizi mbichi, au wa neno
alilokwambia mtu ukashindwa kulimeza?"

Alifunika sufuria.
"Mume wa Nargis ni mtu mwema, ila hana munyu.
Nilisema hivyo miaka yote, watu wakicheka,
nami sikujua nasema nini.
Na uchungu: shubiri ni uchungu,
Yusra nilimzaa kwa uchungu,
babake nikamzika nao.
Neno ni lile lile. Nilidhani ni umasikini wa lugha.
Sasa ulimi umekufa
na uchungu nausikia vile vile.
Wapi, basi? Niambie, wewe mwenye mshahara wa kuonja."

Moshi wa makaa. Paka dirishani.
Nilishika mwiko kama mtoto aliyesahau sura yake chuoni.

"Onja tena," akasema. "Na safari hii usiteme."

Nikameza. Ukashuka polepole,
iliki kwanza, kisha kitu nisichokuwa nacho jina,
cha zamani, cha mkono wake wenyewe,
na jina sikumpa. Nilisema tu:
"Ongeza ndimu."
Akakamua nusu, akaninyoshea mkono mtupu
nimwekee nusu ya pili.

Harusi ililiwa hadi ukoko. Yeye alikaa mlangoni
na sahani yake, akitafuna taratibu,
hatazami chakula, atazama midomo ya watu.

Jumatatu, Shimanzi. Bakuli la mia na kumi na nne,
chai nyekundu isiyo na sifa yoyote ya kuandikwa.
Nikafyonza. Nikazungusha. Ikapita kooni.
Karani akainua kalamu.
"Kali? Chapwa?"

Ngoja, nikamwambia.